Kutoka Wilson hadi Manda: Hekima ya Kughairi

Anayepita Barabara ya Lang'ata jijini Nairobi asubuhi na mapema huiona ndege ndogo ya injini moja ikishuka kuelekea uwanja wa Wilson, ikigusa lami kwa magurudumu, kisha, badala ya kusimama, ikinguruma upya na kupaa. Baada ya dakika chache inarudi, inagusa, inapaa tena. Mgeni wa mambo haya huona kama mtu anayebisha hodi mlango uleule kutwa nzima bila kuingia ndani. Nimesafiri kwa ndege ndogo kutoka hapo Wilson, kupitia Bonde la Ufa na Magadi, hadi nyanda za Mara, na mwisho kisiwa cha Manda, ng'ambo ya mji wa Lamu. Katika vituo vyote hivyo kilichonishika si kupaa, ingawa kupaa ndiko abiria wanakokupiga picha. Ni kutua. Nimerudi na hoja moja, nayo ni hii: mwanafunzi wa urubani anayezunguka pale Wilson hajifunzi kutua tu, anajifunza kughairi kutua. Hilo la pili ndilo gumu zaidi, ndilo linalookoa maisha, na ndilo ambalo malezi yetu ya kusifu anayemaliza alichokianza hutufanya tulidharau.

Wilson ni mahali pazuri pa kuanzia hoja hii, kwa sababu pale mwanafunzi na mkongwe hutumia njia moja ya kurukia. Uwanja una jina la Florence Kerr Wilson, mwanamke aliyeanzisha kampuni ya Wilson Airways mwaka 1929. Jina lake ulipewa mwaka 1962. Klabu ya marubani ya Aero Club of East Africa, iliyoasisiwa 1927, ingali hapo hapo. Madaktari warukao wa AMREF, ambao kazi yao ilianza 1957, wana makao yao hapo pia, na kutoka hapo hufuata wagonjwa katika viwanja ambavyo ramani nyingi hazivionyeshi. Kwenye vibanda vya chai ya maziwa na mandazi hukutana mafundi wenye ovaroli za madoa ya mafuta, marubani wa mashati meupe, watalii wenye kofia pana na wachukuzi wa mizigo ya kaskazini. Mtu wa pwani hukumbuka Bandari ya Kale ya Mombasa, mahali ambapo ngalawa ya mvuvi na jahazi la masafa hupishana katika mlango mmoja wa bahari, kila nahodha akijua zamu yake. Pale Wilson ndege ya mwanafunzi hungoja nyuma ya ndege ya abiria kumi na wawili, na mnara wa kuongozea ndege huziita zote kwa sauti ileile.

Zoezi lenyewe lina umbo la mstatili. Ndege hupaa kuukabili upepo, hukata kona mbili, huenda sambamba na njia kwa uelekeo wa kinyume, kwa kawaida futi 1,000 juu ya ardhi, yaani kama mita 300, kisha hukata kona mbili zaidi mpaka ikaelekeana na njia. Hapo ndipo kazi huanza. Rubani huchagua alama moja kwenye lami na kuikazia macho. Alama ikipanda katika kioo cha mbele, ndege itafika chini kabla yake; ikiteremka, ndege itaipita; ikitulia pale pale huku ikizidi kuwa kubwa, mteremko ni sawa. Zikibaki mita chache, huinua pua taratibu na kupeleka macho mbali, mwisho wa njia, ili kasi imwishie akiwa karibu kabisa na ardhi. Lakini karibu na ardhi bawa hubeba kwa wepesi zaidi, na aliyekuja na kasi ya ziada huelea, akaendelea kuelea, huku njia ikimwishia. Mwenye papara huisukuma pua chini ili amalize shughuli. Ndege hudunda, na gurudumu la mbele, ambalo halikuundwa kupokea kishindo cha namna hiyo, laweza kuvunjika. Katika kila moja ya hatua hizi kuna jibu moja ambalo karibu daima ni sahihi: nguvu zote za injini, acha kutua, zunguka uje tena. Jibu hilo halihitaji ushujaa. Linahitaji kutolewa mapema, na hapo ndipo ugumu wake ulipo.

Anayesema kwamba huku ni kurudia jambo lilelile hajaizingatia hewa. Wilson iko karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari, na siku yenye joto la nyuzi 25 hewa yake huwa nyepesi kama ya mita 2,400. Chukua ndege ya Cessna 172, aina iliyotengenezwa kwa wingi kuliko zote duniani, zaidi ya 44,000 tangu miaka ya 1950. Huja kutua mshale wa kasi ukisoma kama kilomita 120 kwa saa. Mshale huo hupima msukumo wa hewa. Haupimi jinsi ardhi inavyokimbia chini. Kwa hiyo pale Wilson, bila upepo, ndege hiyo huikaribia lami ikiwa inakwenda karibu na kilomita 135 kwa saa, na pwani, mshale ukisoma vilevile, huikaribia ikiwa inakwenda kama 123. Tofauti hiyo ni ndogo masikioni, lakini umbali wa kusimama hukua kwa mraba wa kasi, na njia inayohitajika nyanda za juu hurefuka kwa takriban sehemu moja ya tano. Injini nayo hupungukiwa na pumzi katika hewa ileile nyepesi, hivi kwamba anayechelewa kughairi hupanda polepole kuliko alivyotarajia. Ukishavuka vilima vya Ngong, ardhi inaanguka ghafla chini ya mabawa, na kwa mwendo usiofika nusu saa umeshuka zaidi ya mita elfu moja hadi Magadi, kwenye ziwa la chumvichumvi lenye weupe na wekundu, heroe wakiwa wametandazwa ukingoni kama khanga iliyoanikwa. Pale joto hupanda kutoka ardhini na kuitikisa ndege, na weupe ule uliotandaa bila mti wala jiwe hulinyima jicho kipimo cha umbali wake na ardhi. Mkono umefanya lilelile, mshale umesoma lilelile, lakini kutua si kulekule. Anayetua mara thelathini kwa wiki hajafanya jambo moja mara thelathini. Ameulizwa swali jipya mara thelathini, na mara kadhaa jibu lilipaswa kuwa hapana.

Nyanda za Mara zinalithibitisha jambo hili waziwazi kuliko darasa lolote. Viwanja vyake vingi ni vya changarawe au majani, juu ya mita 1,500, havina mnara wala taa za kumwonyesha rubani kama yuko juu mno au chini mno. Pundamilia na swala hupenda kusimama kwenye njia ile iliyo wazi, maana hapo humwona simba akiwa mbali. Rubani mzoefu hupita kwanza chini chini ili kuwatawanya na kuitazama hali ya njia, kisha hupaa, huzunguka, na kuja kutua kweli. Mara nyingine gari la kambi ya watalii hutangulia kuwafukuza wanyama, na dereva wake, aliyekulia katika kuchunga ng'ombe, huijua tabia ya nyumbu kuliko kitabu chochote cha urubani. Macho nayo yana udanganyifu wake. Njia nyembamba humfanya aliyezoea njia pana aone kama yuko juu kuliko alivyo, naye hushuka mno. Njia inayopanda kilima hudanganya vivyo hivyo. Aliyefunzwa kuliamini jicho lake bila kulihoji huja kugusa kabla ya njia kuanza. Hapa kughairi si dalili ya kushindwa. Ni sehemu ya adabu ya mahali, kama mgeni anayepiga hodi na kungoja karibu kabla ya kuvuka kizingiti. Wenyeji wanaosubiri chini ya mti na mizigo yao hawashtuki ndege ikipita juu bila kutua. Wanajua kwamba ndege iliyopita mara moja inarudi, na iliyolazimisha huenda isipae tena.

Kama jambo ni rahisi hivyo, mbona halifanyiki kila mahali? Shirika la usalama wa usafiri wa anga la Flight Safety Foundation lililichunguza swali hili kwa miaka kadhaa na kutoa matokeo mwaka 2017. Lilikuta kwamba ndege inapokuja kutua hali haijatulia, yaani kasi, kimo au mwelekeo umetoka nje ya mipaka iliyowekwa na kampuni yenyewe, marubani huendelea kutua katika visa 97 kati ya 100. Hawa si wanafunzi. Ni marubani wa mashirika, wenye sheria iliyoandikwa inayowaamuru kughairi. Tarehe 6 Julai 2013, jijini San Francisco, ndege kubwa aina ya Boeing 777 ilikuja kutua mchana kweupe, chombo cha ardhini kinachoonyesha mteremko kikiwa hakifanyi kazi, kwa hiyo marubani walitakiwa kutua kwa macho kama mwanafunzi wa Wilson. Walikuwa juu mno, kisha wakawa chini mno, kasi ikapungua bila kutambuliwa kwa wakati, na mkia ukapiga ukuta wa bahari ulio mbele ya njia. Watu 3 walifariki. Wachunguzi wa Marekani, katika kueleza kisababishi, walitaja pamoja na mengine kuchelewa kughairi kutua. Uwezo wa kunyanyuka ulikuwapo. Kilichochelewa ni uamuzi.

Naamini mzizi wa kuchelewa huko si ujinga, ni malezi, na Waswahili tunayo methali iliyouweka wazi: maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga. Ni methali nzuri kwa mambo mengi. Humtia nguvu mwanafunzi anayetaka kuacha shule na mkulima aliyechoka katikati ya palizi. Lakini rubani aliyeelekeana na njia ameshavua nguo zote. Amepunguza nguvu ya injini, ameshusha mabamba ya mabawa, amewaambia abiria wafunge mikanda, ameona gari la mwenyeji likimngoja. Kila kitu kinamwambia aoge. Mtu anaweza kunipinga hapa, na pingamizi lake lina uzito: jamii haijengwi na watu wa kughairi. Ukimfundisha kijana kwamba kila jambo lina mlango wa kutokea, hatamaliza lolote. Biashara nayo ina hesabu zake, maana mzunguko mmoja wa ziada ni mafuta, ni muda, na ni abiria atakayeteremka akisimulia kwamba rubani alishindwa. Sikatai kwamba gharama hizo ni za kweli. Lakini pingamizi hili linachanganya kuacha safari na kuahirisha hatua. Anayezunguka uwanja hajaiacha safari; bado anakwenda kulekule, na pengine atatua dakika tano baadaye. Kitu alichokiacha ni namna moja mbaya ya kufika.

Na utamaduni wetu wa pwani ulilijua jambo hilo kabla ya ndege kuwapo. Ukifika Manda unateremkia usawa wa bahari, juu ya mikoko iliyosimama ndani ya maji, kwenye hewa nzito iliyojaa chumvi. Abiria hubebewa mizigo hadi gatini, huingia mashua, huvuka mkondo hadi Lamu, mji wa mawe uliotiwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2001, mahali ambapo asubuhi huanza kwa mahamri na mbaazi za nazi, na punda bado ni wa lazima. Katika mkondo huo nahodha anayekuta maji yametoka halazimishi chombo juu ya fungu la mchanga kwa sababu tu ameshakaribia. Hutia nanga nje, hungoja maji yajae. Hakuna anayemwita mwoga. Anayepasua chombo kwa haraka ndiye anayesimuliwa vibaya. Mabaharia hao hao wanaujua upepo kwa misimu yake, kusi na kaskazi, na wanajua upande wa goshi na upande wa demani, kwa hiyo hawahitaji maelezo marefu kuelewa rubani anayetua upepo ukimpiga ubavuni. Naye huielekeza pua upande unakotoka upepo, kama mashua inayokata mkondo huku ikionekana inakwenda kombo. Kabla ya kugusa huinyoosha pua kwa usukani wa miguu na kulilaza kidogo bawa la upande wa upepo, agusie gurudumu moja kwanza. Watengenezaji wa Cessna 172 waliionyesha ikitua katika upepo wa ubavuni wa kama kilomita 28 kwa saa. Zaidi ya hapo rubani yuko peke yake na hukumu yake. Nahodha na rubani wameufikia ujuzi uleule kwa njia mbili: nguvu za nje hazishindwi kwa kifua, hupimwa, na zikizidi hungojwa.

Kuna pingamizi la pili, nalo ni gumu zaidi. Kuna kutua kusiko na kughairi. Injini ikizimika, hakuna mzunguko wa pili, na mafundisho yangu yote yatakuwa hayana kazi. Historia ya Kenya yenyewe ina mfano. Beryl Markham, aliyekulia Njoro na kujifunza urubani Nairobi, aliondoka Uingereza peke yake Septemba 1936 kuivuka Atlantiki kuelekea magharibi. Mafuta yaliacha kufika kwenye injini, na akaishia Nova Scotia, pua ya ndege ikiwa imezama kwenye ardhi ya kinamasi. Dunia hukumbuka kuvuka kwake. Yeye aliishi kwa sababu ya dakika zile za mwisho. Mfano wa karibu zaidi na wakati wetu ni wa tarehe 23 Julai 1983, Kanada, Boeing 767 yenye watu 69 ilipoishiwa mafuta angani kwa sababu hesabu ya mafuta ilichanganya ratili na kilo. Rubani Bob Pearson, ambaye pia alikuwa mzoefu wa ndege zisizo na injini, aliifikia njia ya zamani ya Gimli akiwa juu mno. Akafanya jambo ambalo mwanafunzi wa ndege ndogo hufundishwa: akalaza bawa upande mmoja na kukanyaga usukani upande wa pili, ndege ikateleza kwa ubavu, ikapoteza kimo bila kuongeza kasi. Hakuna aliyekufa. Sisi husema kuteleza si kuanguka, na sijui ushahidi mwingine ambao methali hiyo iliupata neno kwa neno namna hii. Basi jibu langu kwa pingamizi ni kwamba siku isiyo na kughairi hutegemea siku nyingi zilizokuwa nako. Jicho linalotambua mapema kwamba "niko juu mno" hunolewa na mizunguko ile ambayo kosa lilikuwa na dawa. Anayelazimisha kila kutua hulizoeza jicho lake kusamehe, na jicho lililozoea kusamehe halimwambii ukweli siku anapouhitaji.

Wengine husema mashine italimaliza tatizo. Tarehe 10 Juni 1965 ndege ya abiria ilitua London ikiongozwa na mitambo, na mwaka 2020 Marekani iliidhinisha mfumo unaoweza kuitua ndege ndogo peke yake rubani akizidiwa na ugonjwa, kwa abiria kubonyeza kitufe kimoja tu. Vyombo vya mfano, ambavyo mwanafunzi hukaa chini na kuruka kwenye skrini, navyo vimekuwa bora sana. Hayo ni mema na nayafurahia. Lakini mtambo wa kutua hutaka njia iliyopimwa, iliyoandikwa katika kumbukumbu zake, na aghalabu vyombo vya ardhini au ishara za setilaiti zilizo safi. Haujui kwamba pundamilia ameingia, au kwamba mvua ya usiku imekata mfereji katikati ya changarawe. Na kisa cha San Francisco kinaonya kwamba mtu aliyezoea kubebwa na mashine hudhoofika mkono na hukumu, hata siku ya jua. Chombo cha mfano hufundisha hatua. Hakifundishi ile aibu ndogo ya kughairi mbele ya mkufunzi na watu wanaotazama, na aibu hiyo ndiyo inayotakiwa kuzoewa mpaka imwishie mtu. Hata viwango vya kimataifa vinavyotaka walau saa 40 za kuruka kwa leseni ya kibinafsi vimeweka humo saa 10 ambazo mwanafunzi yuko peke yake, na naona busara ndani yake: ipo hukumu ambayo haikui akiwapo mwingine wa kuamua.

Limebaki pingamizi la majirani, nalo nalipa heshima kubwa kuliko yote, kwa kuwa wao hawakuchagua kuishi chini ya zoezi la mtu mwingine. Kelele za asubuhi hadi jioni ni kero ya kweli. Hatari nayo ni ya kweli. Machi 2024 ndege ndogo ya mafunzo na ndege ya abiria zilizotoka Wilson ziligongana angani juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Ndege ya abiria ilirudi salama, lakini watu wawili waliokuwa katika ile ndogo walifariki, mwanafunzi na mkufunzi wake. Mbele ya msiba kama huo, si haki kumwambia mtu kwamba mazoezi ni muhimu na kuishia hapo. Yapo pia malalamiko kwamba haya yote ni anasa ya wenye fedha, na ni kweli kwamba saa moja ya kuruka hula mshahara wa wengi. Lakini ukiyafuata malalamiko haya mpaka mwisho, hayadai mazoezi yapungue. Yanadai yapewe nafasi yake. Viwanja vidogo vya nyika za Kajiado vinaonyesha kwamba zoezi la kutua linaweza kufanyika mahali penye ng'ombe wachache na anga pana. Vikiongezwa na kutunzwa, mji utapumua na mwanafunzi atapata utulivu wa kukosea. Na anasa hukoma kuwa anasa unapomtazama anayenufaika. Mama mwenye uchungu wa uzazi uliomzidia katika kijiji cha kaskazini, mbali na barabara ya lami, hajui kama rubani anayemjia alilipiwa mafunzo na serikali au na mjomba wake. Anachohitaji ni mtu aliyezunguka vya kutosha kuweza kusema "sivyo" kwa mteremko mbaya wa kwanza, ili mteremko wa pili umfikishe daktari akiwa mzima.

Mabadiliko yanakuja, na mengi ni ya kupokelewa kwa mikono miwili. Viwanja vya changarawe vitatiwa lami, taa zitafika mahali ambapo leo kuna mfuko wa kuonyesha upepo tu, na watoto wa vijiji vinavyosikia ngurumo za ndege kwa mbali watakuwa marubani wake. Ninachoomba kisipotee katika mabadiliko hayo ni heshima kwa anayerudi juu. Kampuni isimpunguzie mshahara, mkufunzi asimcheke, abiria asiteremke akimsimanga. Tumezoea kusema aliye juu mngoje chini, na mara nyingi tunaisema kama onyo kwa mwenye kiburi. Gatini Manda methali hiyo ina maana ya upole zaidi. Kusi likivuma kwa nguvu, ndege hutokea juu ya mikoko, huteremka, huyumba, kisha hunguruma na kupaa tena kuelekea baharini. Wachukuzi hukaa juu ya mikokoteni yao, wenye mashua hufunga kamba upya, na mwenye kumpokea ndugu yake huagiza kikombe kingine cha kahawa. Hakuna anayeuliza amekosea nini. Wanamngoja.